Kwa Mkurugenzi Mkuu wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva: semeni wazi kwamba mnakwenda kupima

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nafundisha fizikia Tanga, mji ambao hakuna mwanafunzi asiyejua bamvua. Ndiyo maana nikifika somo la mvutano huwapa kisa cha LEP, mashine yenu ya kugonganisha elektroni na positroni iliyofanya kazi kati ya 1989 na 2000 katika handaki la kilomita 27. Mwezi ulipovuta, mwamba wa Geneva nao ulijaa na kupwa. Handaki likatanuka kama milimita moja hivi, na nishati ya elektroni ikayumba. Kukawa na ukorofi mwingine pia, wa mchana, unaotulia usiku wa manane. Kumbe ni umeme wa treni, ulivuja relini ukapita kwenye bomba la mashine! Wafanyakazi wa reli wa Ufaransa walipogoma mwaka 1995, ukorofi ukanyamaza. Darasa hucheka sana. Mwaka huu mmoja akauliza: kipimo gani hicho kinachosikia hadi treni?

Swali lake ndilo limenifanya nikuandikie. Upembuzi yakinifu mliotoa Machi 2025 unataja mashine mpya, FCC, katika handaki jipya la karibu kilomita 91, na faranga za Uswisi bilioni 15 kwa awamu ya kwanza. Watetezi wengi huinadi kwa chembe mpya na mata ya giza, ile mata isiyoonekana ambayo hujulikana kwa mvutano wake tu. Punguzeni hayo. Hakuna mwenye hakika kwamba zipo mahali mashine hiyo itakapofika, na ahadi ya namna hiyo ni deni. Awamu ya kwanza ni ya kupima: chembe za Z, zinazobeba nguvu hafifu ya nyuklia, kwa matrilioni, wakati LEP ilipata milioni 17 tu, na bosoni ya Higgs, chembe inayohusika na jinsi chembe nyingine zinavyopata uzito, kuchunguzwa kwa kosa lisilofika asilimia moja.

Kwani kupima ni aibu? Vipimo vya LEP ndivyo vilivyoonyesha kwamba neutrino nyepesi, chembe zisizo na chaji, ni za aina tatu, na vilikadiria uzito wa kwarki ya juu kabisa (top), chembe nzito kuliko zote zinazojulikana, kabla maabara ya Fermilab ya Marekani haijaipata mwaka 1995.

Baraza lenu linatarajiwa kuamua mwaka 2028 hivi. Kabla ya hapo, naomba kurasa mbili za lugha nyepesi: mtapima nini, kwa usahihi gani, na vipimo vikikubaliana tu na nadharia iliyopo, mtawaambia nini walipa kodi. Mashine ikiwashwa miaka ya 2040, vijana wangu wa kidato cha pili watakuwa na watoto shuleni. Yule wa swali la treni nimemwahidi kwamba jibu lenu likija nitalibandika mlangoni mwa maabara.

Mwalimu wa fizikia,
Tanga