Sketi ya ofisini 45,000: hela inakwenda wapi?

Jumatatu dada mmoja alitupa sketi mezani akasema mbele ya wateja wengine kwamba tumempiga hela. Ni sketi ya kijivu, tulimshonea mwezi wa sita. Imelegea makalioni, inapanda akitembea, na akisimama juani miguu inaonekana yote. Tukafungua daftari. Pembeni ya vipimo vyake imeandikwa: "bila bitana, kasema mwenyewe". Aliitoa bitana, kile kitambaa cha ndani, ili bei ishuke kutoka 45,000 hadi 33,000.

Si wa kwanza. Tangu wizara zianze kuhamia Mji wa Serikali kule Mtumba, hapa Dodoma, tunapokea sana kina dada waliotoka Dar es Salaam na nguo za Dar: blauzi nyepesi, sketi za kupepea. Dodoma ina upepo, jamani. Mwezi wa saba ukishuka kwenye daladala, mkono mmoja umeshika pochi, wa pili umeshika sketi. Ndiyo maana pindo letu ni inchi mbili, si nusu inchi ya kupitisha ovaloki tu, ule mshono wa ukingoni. Uzito wa pindo ndio unaoituliza nguo. Na bitana siyo urembo. Ukikaa kitini kutwa nzima, bitana ndiyo inayobeba mvuto, kitambaa cha juu kinabaki na umbo lake.

Ofisi nyingi siku hizi hazidai suti. Sketi inayovuka goti, suruali ya kitambaa isiyobana, hata koti la kitenge juu ya gauni la rangi moja, vyote vinakubalika (kitenge kilowekwe kwanza, tusije tukagombana kikisinyaa). Ila nguo ya kubana au ya kuonyesha haikubaliki, na watumishi wa umma wanaujua ule waraka wa mavazi wa 2007.

Kesi nyingine ni makoti ya mtumba. Mama mmoja alinunua la 8,000 soko la Sabasaba, zuri kweli, ila limemzidi saizi mbili. "Fundi, punguza pembeni tu." Koti halipunguzwi pembeni tu. Mikono inatolewa, bega linafunguliwa, bitana inafumuliwa. Tukamwambia 25,000. Akacheka, akaenda kwa fundi wa barazani, akapunguziwa kwa 5,000. Wiki ya pili karudi: mifuko imekimbilia mgongoni, mabega yananing'inia, na akiba ya mshono imekatwa yote, hakuna pa kuachia. Tulichoweza ni kung'oa mikono na kuligeuza kizibao. Anakivaa mpaka leo, lakini alitaka koti.

Kwa hiyo mkituuliza kwa nini 45,000 wakati dirisha la jirani wanasema 20,000, hesabuni bitana, zipu ya kuficha, gamu ya kukazia kiuno, na kuja kujaribu mara moja kabla hatujafunga pindo. Hilo la kujaribu wengi hawalitaki, eti wana haraka. Halafu wanarudi.

Yule dada wa Jumatatu tulielewana mwishoni. Kuingiza bitana sasa ni 18,000, kwa sababu kiuno, zipu na pindo vyote vinafumuliwa. Jumla yake inakuwa 51,000, alipiga hesabu mwenyewe kwenye simu na kuguna. Sketi ipo, imetundikwa nyuma ya cherehani ya pili, limebaki pindo. Dada, ukija Ijumaa, vaa viatu unavyoendea ofisini tupime urefu.