Dakika Zihesabiwe Magurudumu Yakiacha Nyasi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

MINT: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA TIGER MOTH

Mimi ni fundi wa injini mstaafu, na hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda Tiger Moth, ndege ya zamani yenye mabawa ya tabaka mbili, moja juu ya jingine. Nililipa Sh35,000 kwa M-Pesa, mkanithibitishia saa moja asubuhi, dakika 30 angani.

Sina neno na rubani wala ndege. Kijana aliyezungusha propela kwa mkono aliiwasha injini kwa mvuto wa pili, nami nikachekelea peke yangu kiti cha mbele. Neno langu ni na ofisi.

Nilifika langoni ndipo nikaambiwa safari imesogezwa hadi saa saba mchana. Mnasema ni "mabadiliko madogo". Si madogo hata kidogo. Injini yake, Gipsy Major, ina nguvu za farasi 130 tu. Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi tayari. Jua likikolea inazidi kuwa nyepesi, injini inakosa pumzi na mabawa hayapati cha kuegemea. Tulijikokota. Kile kimo cha kuiona milima yote ya Ngong hatukukifikia, na joto la ardhini liliturusha hivi kwamba macho yangu yaliganda kwenye tangi la petroli lililo juu ya kichwa, nikikitazama kipimo kikicheza.

Kisha dakika. Injini ile lazima ipashwe moto kabla ya kuruka, nalijua hilo kuliko karani wenu. Lakini tangu magurudumu yaache nyasi hadi yaliporudi zilikuwa dakika 14. Karani akanijibu kwamba saa huanza abiria akishafunga mkanda. Kwa hesabu hiyo, makanga angetudai nauli ya kungoja matatu ijae.

Miwani mliyonipa mpira wake umelegea. Nusu ya safari niliishikilia kwa mkono, imejaa matone ya oili.

Na tangazo lenu mlirekebishe. Mnadai hii ni "ndege ile ile" ambayo Florence Kerr Wilson alianzia biashara yake ya usafiri wa ndege, Wilson Airways, mwaka 1929. Yeye alianza na Gipsy Moth, ndege tofauti. Tiger Moth iliruka kwa mara ya kwanza Oktoba 1931.

Naomba mojawapo: nirejeshewe nusu ya pesa, au nipewe safari nyingine ya asubuhi, dakika 30 zikihesabiwa angani. Ningependelea ya pili. Nisipopata jibu la maandishi katika siku 14, nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010. Risiti ya malipo na ujumbe wenu wa kuthibitisha saa nimeviambatisha.

Wako mwaminifu,
Abiria wa kiti cha mbele