Mafundi, kitundu cha pampu ya maji hakizibwi

Mhariri,

Barua za bodaboda hazikosi katika kurasa hizi, na nyingi huwa za kofia, leseni na ajali. Leo naomba nafasi niongee kuhusu kitundu. Ni kidogo, njiti ya kiberiti inapita kwa shida, na kiko upande wa chini wa pampu ya maji. Hapa Kisumu kimeanza kuzibwa kwa gundi ya chuma, na sisi tunaoletewa injini hizo baadaye tumechoka kuona kinachotoka ndani.

Kuna msomaji atakayeuliza pikipiki ina pampu gani ya maji. Ni kweli, pikipiki nyingi za abiria huku kwetu hupozwa na upepo. Yale mapezi yaliyozunguka silinda ndiyo hutoa joto. Lakini tuktuk za mizigo, zile zenye uso wa pikipiki na kitanda nyuma, zikiwa na injini kubwa huja na rejeta, kile kifaa cha kupoza maji ya injini. Pikipiki kubwa za vijana wa mwendo kasi nazo ni hivyo hivyo. Hizo tuktuk ndizo hubeba mchanga, mitungi ya maji na magunia ya omena, kisha zikatoka Mamboleo kupanda kilima cha Riat kwenda Kiboswa zikiunguruma kwa gia ya kwanza. Kwa mwendo ule upepo haupo. Injini inategemea maji tu.

Ndani ya pampu kuna shafti fupi. Ncha moja iko kwenye oili ya injini, ncha nyingine iko kwenye maji na imebeba feni ndogo inayoyasukuma. Oili na maji havitakiwi kukutana, kwa hiyo shafti hiyo hupita kwenye sili mbili, yaani pete za kuzuia uvujaji. Upande wa injini kuna sili ya oili, ya mpira. Upande wa maji kuna sili yenyewe ya maji, ambayo ina nyuso mbili ngumu, moja ya kaboni na nyingine ya kauri; moja huzunguka ikigusana na nyingine iliyotulia huku springi ikizibana. Katikati ya sili hizi mbili kumeachwa nafasi, na kutoka kwenye nafasi hiyo kitundu kimetobolewa hadi nje. Sili ya maji ikichoka, maji yanadondoka hapo. Ya oili ikichoka, inadondoka oili. Kabla hujashika spana, pikipiki imeshakwambia iliyokufa ni ipi.

Sasa mtu akiona maji yanadondoka, anasema hapa pametoboka. Anapanguza, anabandika gundi, tone linakoma, mteja analipa. Maji lakini yanaendelea kupita kwenye sili mbovu, na yakikosa njia ya nje yanaigeukia sili ya oili. Sili hiyo mdomo wake umeelekezwa kwenye oili. Haikuundwa kuzuia kitu kinachotoka mgongoni kwake. Baada ya muda unachomoa kijiti cha kupimia oili unakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo haishiki chuma, na kwa vile huzunguka injini nzima, beringi za krenki nazo zinaanza kuliwa. Sili ambayo ni kitu cha kutia mfuko wa shati imegeuka kazi ya kufungua injini yote.

Juzi mama mmoja anayeuza omena Kibuye alinijia na dereva wake. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye kitundu, oili bado safi.

"Fundi, niwekee gundi tu. Nina mzigo wa kwenda Luanda kesho alfajiri."

"Mama, nikiweka gundi utafika Luanda. Kurudi ndiko sijui."

Alinuna, lakini aliacha tuktuk. Kilichonichosha siku hiyo hakikuwa mama wala tuktuk yake, ilikuwa kutafuta sili. Duka la kwanza niliambiwa sili haiuzwi peke yake, ninunue pampu nzima, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya sili. Duka la pili nalo jibu likawa hilo hilo. Nikiwa bado nimesimama hapo kaunta, kijana wa duka akamuuzia mtu mwingine gundi ya chuma, akamwonyesha na namna ya kuibandika! Sitaji duka, maana tabia hii imeenea. Wauzaji wa vipuri wasisingizie mafundi peke yao: fundi akikosa sili na gundi iko mbele ya macho yake, mnajua atachukua nini.

Nao mafundi wenzangu wasiseme sili hazipatikani kabisa. Sili ya oili huwa na namba tatu zimechapwa usoni: kipenyo cha shafti, kipenyo cha nje na unene, zote kwa milimita. Chukua namba hizo, nenda kwa wauza sili na beringi, hata wale wa mashine za posho, uliza kwa namba badala ya kuuliza kwa jina la pikipiki. Sili ya maji inataka subira zaidi. Beba ile ya zamani mkononi, pima shafti na tundu inamokaa, na ulinganishe urefu wa springi. Mimi niliipata hivyo, kwa mzee anayeuza vipuri vya pampu za kunyunyizia mashamba.

Kuifunga ndiko wengi huharibu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Injini iwe imepoa kabisa kabla ya kugusa kifuniko cha rejeta. Maji yaliyobanwa yakiwa moto yatakuchoma uso. Mwaga maji, fungua kava ya pampu, toa feni, na usiilazimishe kabla hujajua uzi wake unafunguka upande gani, kwa sababu injini nyingine uzi ni wa kinyume. Shafti ikiwa nje, ipitishe ukucha pale sili ya oili inapogusa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, shafti imelika, na hata ukiweka sili mpya ya Japani itavuja. Kabla ya kuichomoa, itikise pia. Ikicheza, beringi imekwisha, na beringi iliyokwisha ndiyo iliyoua sili.

Kisha safisha tundu inamokaa sili hadi kutu na gundi ya zamani viishe. Sili ya oili ipake grisi kidogo mdomoni, na upande wenye springi utazame kwenye oili. Sili ya maji usiipige nyundo katikati, hapo kuna kaboni na kaboni hupasuka. Tafuta soketi inayokaa kwenye ukingo wake wa chuma tu, uisukume taratibu, ikiingia sawa pande zote. Zile nyuso mbili usiziguse kwa vidole vya oili wala usizipake grisi eti ziteleze. Hutelezeshwa na maji yenyewe. Mimi huzipangusa kwa spiriti na kitambaa safi, basi. Gasketi ya kava iwe mpya. Boliti za kava ni ndogo na zinaingia kwenye aluminiamu, zikaze kwa mkono mwepesi, kwa mzunguko wa msalaba. Aliyezoea nati za lori amwachie mwingine.

Kuhusu maji ya kujaza nina ugomvi na madereva. Kuna wanaoteka mto Nyamasaria msimu wa mvua, maji ya rangi ya udongo, wanamimina ndani ya rejeta. Mchanga ule laini unakwenda kukaa kati ya kaboni na kauri, na kazi yake ni kusaga. Nimeona hata mtu akitia unga wa manjano ili uzibe panapovuja. Unga unaziba kweli, pamoja na mirija ya rejeta. Jaza kulanti, ile dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri (distilled water), yasiyo na asidi. Na rejeta ikikauka njiani, zima injini hapo hapo, kwa sababu sili ya maji ikizunguka kavu inaungua kwa muda mfupi sana.

Jambo jingine madereva hawaliamini ni kwamba uvujaji mdogo hupandisha joto hata kabla maji hayajapungua sana. Kisumu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na maji ya sufuria hapa huchemka karibu nyuzi 96. Kifuniko cha rejeta huyabana ili yachemke kwa joto la juu zaidi ya hilo. Sili ikivuja, mbano unatoroka, na ndiyo sababu tuktuk inayotembea vizuri Kondele inaanza kutoa mvuke Riat. Dereva huambiwa gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini, imekwenda, hedi inafunguliwa bure. Angalieni kitundu kwanza, kisha mipira ya maji na kifuniko cha rejeta, ndipo mfikirie hedi.

Kwa wenye maduka, ombi langu ni dogo: agizeni sili peke yake na muiandike vipimo kwenye pakiti. Na kwa kila anayemwaga kulanti ya zamani, tafadhali usiitie kwenye chupa ya soda ukaiacha chini ya meza. Ina rangi ya kupendeza na ladha tamu, nayo ni sumu kwa mtoto na kwa mbwa. Kwenye banda letu kuna dumu lenye kifuniko na limeandikwa SUMU kwa rangi nyekundu. Anayetaka kutuletea yake tulipokee.

Fundi wa pikipiki,
Kondele, Kisumu