Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wakusanyaji wa Hatifungani za Vita

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote habari za asubuhi. Nawashukuru mliofika. Tumeanza saa nne na nusu badala ya saa tatu, na sababu mnaiona kwenye viti vilivyo wazi.

Shughuli za kawaida nitazipitia haraka, maana wengi mnazijua, na wasiozijua ni kwa sababu hawakuja. Tulipanga vikao vinne, vikafanyika vitatu. Machi tulizungumzia hatifungani, yaani hati za deni la serikali, za mkopo wa vita wa Uingereza wa 1917, ulioanza na riba ya asilimia 5, ukashushwa hadi 3.5 mwaka 1932, na salio lake likalipwa tarehe 9 Machi 2015. Juni ilikuwa zamu ya Ujerumani, mikopo tisa kati ya 1914 na 1918, ambayo thamani yake mfumuko wa bei wa 1923 uliimaliza kabisa. Septemba tulifanya maonyesho. Yalikwenda vizuri, ukiacha chai iliyomwagikia hati moja ya Kijerumani. Mwenye hati amepokea radhi zetu, na aliyemwaga anajijua. Kikao cha Desemba kilizuiwa na mvua. Wanaoendelea kuuliza kwa nini noti za muda za Tabora za 1916, zile fedha za karatasi za Wajerumani wakati wa vita, haziingii kwenye maonyesho yetu, jibu ni lile lile: hizo ni noti, siyo hatifungani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa sana kwenye kundi letu la WhatsApp, na zaidi pembeni ya kundi.

Ni kweli kwamba mwezi Juni chama kilinunua hatifungani ya Majimbo ya Kusini yenye watumwa yaliyojitenga na Marekani, ile ya mkopo wa 1863 uliopitia benki ya Erlanger ya Paris. Ni kweli pia kwamba siku hiyo tulikuwa watu 11 ukumbini, na akidi kwa katiba yetu ni 13. Lakini wanachama wawili walikuwa kwenye simu, sauti zao zilisikika ukumbi mzima, na mmoja wao alisema wazi kuwa anaunga mkono. Nilihesabu 13. Kama katiba haitaji simu, ni kwa sababu iliandikwa wakati wengi wetu hatukuwa na simu za kuweka spika. Muuzaji alikuwa ametupa siku tatu. Ningesubiri akidi ya miili, ningekuwa nasubiri mpaka leo.

Limesemwa pia kwamba nimenunua karatasi isiyo na thamani. Ndugu zangu, tumekaa pamoja miaka saba na bado kuna mtu anasema hivyo? Hatifungani iliyolipwa hurudishwa kwa serikali iliyoitoa, ndiyo maana zile za Marekani za 1917 na 1918 ni adimu mikononi mwa watu. Iliyokataliwa kulipwa hubaki kwenye makabati ya wenyewe. Serikali ya Kusini ilishindwa vita mwaka 1865, na miaka mitatu baadaye Katiba ya Marekani ikaongezewa kifungu kinachosema madeni yake yote ni batili. Kwa hiyo hati zao zipo nyingi, bei yake inabebeka, na chama kidogo kama chetu kinaweza kushika karatasi ya karne ya 19 bila kukopa. Hilo nililieleza Machi. Waliokuwepo wanakumbuka.

Hoja nzito ilikuwa ya mzee wetu wa Bagamoyo, na nitaijibu kwa heshima. Alisema: "Mwenyekiti, sisi wa pwani hii tunanunuaje karatasi ya wenye watumwa?" Nilikosa usingizi kwa neno hilo. Siku hati ilipofika niliitandaza juu ya kitanda nyumbani. Mama watoto alidhani ni hati ya kiwanja. Juu kuna hati yenyewe na sahihi zake, chini kuna safu za kuponi ndogo ndogo, vipande vya kukata ili kudai riba, kila moja pauni 3 na shilingi 10 kwa nusu mwaka. Chache za mwanzo zimekatwa kwa mkasi, nyingine zote zimebaki kama zilivyochapwa, maana hapakuwa tena na mtu wa kuzilipa. Haina jina la mwenyewe. Anayeishika ndiye anayedai. Na imeandikwa kwamba pauni 100 hizo zinaweza kubadilishwa kwa ratili 4,000 za pamba.

Nikajiuliza, pamba hiyo ilichumwa na nani? Aliyenunua hati hii Paris au London alikuwa akinunua jasho la mtu ambaye jina lake halimo popote kwenye karatasi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, miaka kumi tu baada ya hati hii. Mzee wangu, mimi naona huo ndio ushahidi, na ushahidi hauchomwi. Kinyume chake, uwekwe mezani na mtu aeleze, na kwa unyenyekevu naamini wewe ungeeleza vizuri kuliko mimi. Lakini hukuja Septemba.

Na kwa wanaonong'ona kwamba nilijinunulia mwenyewe: hati ilikaa kwangu wiki tano kwa sababu kabati la chama limejaa unyevu, na mwenye ufunguo alikuwa Mwanza. Mfuko wa poliesta niliununua kwa fedha yangu, na nauli ya kwenda mara mbili kuukomboa mzigo pia ilikuwa yangu. Sikudai hata senti. Nasema tu ili ijulikane.

Mapato na matumizi ni kama ifuatavyo. Tulianza mwaka na 1,465,000. Ada ilipaswa kuwa 2,280,000 kwa wanachama 38, tukapata 1,140,000, yaani nusu kamili: 17 wamelipa yote, wanne nusu, na 17 hawajalipa hata shilingi. Michango ya maonyesho 210,000. Tumetumia 1,267,000: hati 520,000, kuisafirisha na ushuru 120,000, ukumbi 300,000, mifuko na fremu 185,000, chai na mengineyo 142,000. Salio ni 1,548,000. Mweka hazina ana risiti zote isipokuwa ya maandazi.

Katika hao 17 wasiolipa, tisa ndio walioandika maneno marefu zaidi kuhusu matumizi mabaya ya fedha za chama. Sitawataja. Orodha ipo mlangoni.

Niongeze kwamba mwezi Oktoba aliletwa kwetu mtu mwenye sanduku la hati za Marekani za 1934, akidai kila moja ni mamilioni ya dola, na kwamba tukichanga kidogo tu za kuzifungulia tutagawana. Serikali ya Marekani haikutoa hati za namna hiyo. Ni utapeli unaozunguka dunia nzima. Nilimtoa mimi mwenyewe. Kwa hilo sikusikia pongezi kwenye kundi.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata kabati jipya, kutembelea shule moja au mbili, na huenda tukapata hatifungani ya Ufaransa ya vita ya kwanza kama bei itakuwa nzuri na akidi ikatimia. Marekebisho ya katiba kuhusu simu yataletwa kwenu baada ya chakula.

Hati ya Erlanger iko kwenye meza ile ya dirishani. Tafadhali mikono iwe mikavu, na vikombe vibaki huku.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti