Mafundi waandike kodi kabla ya kuzima taa

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nizungumzie desturi moja ya gereji zetu hapa Malindi inayotugharimu pesa nyingi sisi wenye magari ya haibridi (yanayoendeshwa kwa petroli na umeme) yaliyozeeka. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, fundi huizima kwa mashine yake kabla ya kuandika popote kodi iliyoiwasha (sisemi kodi ya serikali, nasema zile herufi na tarakimu ambazo kompyuta ya gari huhifadhi inapogundua hitilafu), kisha humgeukia mwenye gari na kumwambia kwamba betri kubwa, ile inayoendesha mota ya umeme, imekufa.

Gari langu ni Toyota Prius ya mwaka 2012. Kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, watu wengi wa kipato changu hununua lile lililokaribia ukomo huo, na likishakaa nasi miaka michache tu, betri yake huwa imevuka miaka 10. Sishangai basi kwamba fundi akiona taa huifikiria betri kwanza. Ninachokataa ni kufikiria huko kugeuzwa kuwa bili.

Januari iliyopita, katika joto la kaskazi, nilikuwa natoka Kilifi na mke wangu. Tangu Matsangoni tulisikia feni ikivuma nyuma yetu kwa nguvu isiyo ya kawaida, na tulipokaribia Gede ikawaka taa nyekundu ya pembetatu yenye alama ya mshangao. Fundi niliyempelekea alichomeka kifaa chini ya usukani, akabonyeza mara mbili, taa ikazimika. "Mwalimu, betri kubwa hii imekwisha," akaniambia, na bei yake ilikuwa shilingi 140,000. Nilipomuuliza mashine ilionyesha nini, alijibu kwamba ameshafuta. Siku ya tatu taa ikarudi, na pamoja na kodi alikuwa amefuta pia kumbukumbu ya hali ya gari wakati hitilafu ilipotokea, ambayo ingemwongoza fundi mwingine.

Nilimwendea kijana mmoja ambaye mashine yake husoma kompyuta ya mfumo wa haibridi, kwa maana nyingi za bei nafuu husoma injini peke yake na kuacha mengine. Aliandika P0A82 nyuma ya risiti ya petroli na kunieleza kwamba kodi hiyo inahusu feni ya kupoza betri. Kisha akaniomba nimwonyeshe tundu la hewa lililo ubavuni mwa kiti cha nyuma, ambalo nilikuwa nimeliegemezea vikapu kwa miaka bila kujua kazi yake. Tulipofungua tulikuta mchanga mweupe wa pwani, nyuzi za leso, maganda ya karanga na manyoya ya makumbi yaliyoshikana kama kiota cha ndege, na mapezi ya feni yenyewe yamevaa vumbi hadi hayashiki hewa. Kuisafisha kwa brashi kulichukua saa moja na nusu. Baadaye alinionyesha kwenye skrini volti za jozi zote 14 za vipande vya betri huku gari likipanda kasi, nazo zikapanda na kushuka pamoja. Betri iliyohukumiwa kufa ilikuwa inakosa pumzi tu.

Betri kubwa ya Prius hii ni ya nikeli, ina vipande 28 vilivyounganishwa kutoa volti 201.6, na adui yake mkubwa ni joto. Hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, ile ile tunayoivuta sisi abiria. Kwa hiyo anayesafiri na madirisha wazi kwenye njia ya vumbi anailisha vumbi hilo, na anayeziba tundu kwa mizigo anaipika polepole. Mafundi wanaojua hili wapo, ila mteja haambiwi.

Kuna pia betri ndogo ya volti 12, ambayo katika gari langu iko nyuma, upande wa kulia wa buti. Gari hili halina stata wala altaneta ya kawaida. Betri ndogo ndiyo huamsha kompyuta na kuwasha swichi zinazoruhusu umeme wa betri kubwa kupita. Ikidhoofika, dashibodi huweza kuwaka taa nyingi kwa pamoja kama mtaa usiku wa Maulidi, na mtu asiyejua hudhani kila kitu kimeharibika. Ipimwe kwanza. Gari likiwa limepumzika, volti 12.6 ni betri nzima na chini ya 12 ni betri iliyokaribia kuisha. Neno READY (yaani gari liko tayari kuendeshwa) likiwaka kwenye dashibodi, mita isome karibu na 14. Kipimo hicho ni cha dakika mbili na hakihitaji kompyuta.

Sidai kwamba betri kubwa haifi. Kodi P0A80 ndiyo inayosema ibadilishwe, na mara nyingi ni kweli. Hata hapo, mwenye gari aonyeshwe volti za kila jozi, aione ile inayoporomoka kuliko wenzake, na fundi aangalie bamba za shaba zinazounganisha vipande, kwani hewa yetu ya chumvi huzivika kutu ya kijani inayoweza kuvuruga vipimo. Kazi hiyo mtu asiijaribu nyumbani kwake: volti 200 huua. Fundi anayeijua huzima gari, huvaa glavu maalumu za umeme, hung'oa plagi ya rangi ya chungwa inayokata umeme wa betri kubwa na kusubiri dakika 10 kabla ya kugusa kitu. Ukimwona anafungua kifuniko mikono mitupu, chukua ufunguo wako uondoke. Na kubadilisha kipande kimoja kibovu katika betri chakavu ni kiraka kwenye kanzu iliyolika. Kinaweza kukusogeza miezi kadhaa, lakini uambiwe hivyo kabla ya kulipa.

Ombi langu kwa mafundi ni dogo: kila kodi iandikwe kwenye risiti, pamoja na volti za betri ndogo, kabla ya kitufe cha kufuta kubonyezwa. Kwa vyuo vya ufundi vya kaunti hii, naomba somo la haibridi lifundishwe kwa vitendo, kwa kuwa vijana wanaohitimu sasa watakutana na magari haya kila siku. Nasi wenye magari tusilipie betri ambayo hatujaonyeshwa vipimo vyake.

Risiti yangu ya petroli yenye P0A82 bado iko kwenye droo ya gari. Yule fundi wa kwanza nilimpelekea aione; aliisoma, akaniuliza hilo tundu la hewa liko upande gani.

Mwalimu Mstaafu,
Shella, Malindi