Malalamiko kuhusu mimea mliyoniuzia kwa jina la 'Akai Ryu'

Tigoni, Limuru
14 Agosti 2025

Meneja wa Mauzo,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: JINA LISILO SAHIHI KWENYE MICHE YA DIONAEA

Mwezi Machi 2023 nilinunua kwenu miche mitatu ya Dionaea muscipula, ule mmea unaofumba majani kunasa nzi. Kila kikopo kilikuwa na kibandiko cha 'Akai Ryu', na kila kimoja nilikilipia shilingi 3,500. Dionaea za kawaida mlikuwa mkiziuza 1,500. Hizo 2,000 za juu nililipia jina.

'Akai Ryu' ni Kijapani, yaani joka jekundu. Aina hii ilisajiliwa mwaka 1996 na sifa yake haijifichi: ikipata jua la kutosha, mmea wote huiva rangi ya damu ya mzee, mitego na vikonyo vyake pia. Yangu ina vikonyo vya kijani kama sukuma wiki. Wekundu uko ndani ya mtego tu, kama Dionaea nyingi za porini kule Carolina, Marekani.

Nilipopiga simu mara ya kwanza niliambiwa jua halitoshi. Nikaitoa barazani nikaipandisha juu ya tangi, jua asubuhi hadi jioni, maji ya mvua pekee, misimu miwili. Haikubadilika. Mara ya pili mhudumu wenu aliniandikia, bila kujua kwamba amemaliza ubishi, kuwa miche hiyo mliiotesha kutokana na mbegu za 'Akai Ryu' halisi.

Basi si 'Akai Ryu'. Mkulima yeyote wa Murang'a anajua kuwa ukipanda kokwa ya parachichi la Hass huvuni Hass. Ndiyo maana hununua mche uliopandikizwa. Na hapa ni hivyo hivyo. 'Akai Ryu' huzalishwa kwa kugawa shina, kuotesha jani, au kukuza tishu maabara, ili mtoto awe mama yuleyule. Mbegu huchanganya. Hata mche wenu ungetoka mwekundu, ungekuwa mche mwekundu tu. Kibandiko cha haki kingesema "mche wa mbegu, mama 'Akai Ryu'", nami huenda ningeununua vilevile, ila si kwa 3,500.

Kinachoniuma zaidi si pesa. Mwaka jana mimea ilipojigawa, nilimpa kipande rafiki wa Thika na kingine rafiki wa Nakuru, nikawaandikia jina hilo kwa kalamu isiyofutika. Nimewapigia simu na kujieleza kama mwizi wa kuku. Lakini yule wa Thika alikuwa ameshagawa chake, na sasa kuna mmea kwa mtu nisiyemjua ambao bado unaitwa 'Akai Ryu'. Hivyo ni vikopo vitatu vya mteja mmoja. Nyinyi mmeuza vingapi?

Kwa hiyo sitaki vocha wala mche mwingine wa kunituliza. Badilisheni vibandiko vya miche iliyobaki. Waandikieni wote walionunua miche ile. Namba zao mnazo, maana mliwapelekea mizigo kwa boda. Kisha mnirudishie shilingi 6,000. Na kama huo mmea mama bado uko hai, nitumieni picha yake na mseme mliupata wapi, kwa sababu sasa nina shaka hata nao.

Mkiwa kwenye kazi hiyo, tazameni pia ile mimea yenye vikombe vya kunasia wadudu mnayoiita Nepenthes alata. Mingi inayouzwa madukani kwa jina hilo ni Nepenthes × ventrata, chotara wa alata na ventricosa. Sijainunua, kwa hiyo silalamiki, naitaja tu.

Nimeambatisha risiti na picha sita. Nasubiri jibu kabla ya tarehe 31 Agosti.

Wenu,
Mteja wenu tangu 2021