Sambusa Zimepasuka? Kwanza Tuambie Ulizitoa Friza Saa Ngapi

Kila baada ya sikukuu, sisi wauza sambusa za friza tunapokea picha ileile: karai, mafuta yamechafuka, nyama inaelea na sambusa zimefunguka pembe zote tatu. Ya mwisho ilikuja na maneno makali. Dada kalipia sambusa za kufungulia chakula cha jioni cha Iddi, wakwe wamekaa mezani, anatuambia tumemuuzia vitu vibovu. Tukamuuliza jambo moja tu: ulizitoa friza saa ngapi? Akajibu alizitoa adhuhuri ziyeyuke vizuri, akakaanga baada ya magharibi.

Basi hapo ndipo zilipoharibikia. Sambusa ya friza haiyeyushwi. Inatoka kwenye barafu inaingia kwenye mafuta.

Manda, ile ngozi ya nje ya sambusa, ni nyembamba, nayo imepikwa nusu tu. Ikikaa mezani muda wote huo, maji ya nyama na vitunguu yanahamia kwenye manda, na ile gundi ya unga tuliyozibia pembe inarudi kuwa uji. Ukiitia kwenye mafuta, maji yanageuka mvuke, mvuke unatokea pale palipolegea, na mafuta yanaingia hapohapo. Ikiingia na barafu yake, manda inakauka na kushika kabla ndani hakujaachia maji. Tia mafuta ya kutosha sambusa kuogelea, moto wa wastani. Tupia kipande cha manda: kikipanda taratibu na mapovu madogo, mafuta yako tayari. Usijaze karai, kwa sababu sambusa za barafu zinapoza mafuta, na mafuta yaliyopoa ndiyo yanayonyonywa. Wala usiwashe moto mkali ukidhani unafidia. Utapata rangi nzuri nje na ubaridi katikati.

Katlesi ni kinyume chake, na hapa watu wanatuchanganyia mambo. Katlesi zetu tunaziuza bila yai. Zishushe kutoka friza ziingie kwenye friji usiku wa kuamkia shughuli, kesho yake ndiyo uzichovye yai na kukaanga. Kuna mama mmoja alifuata maelekezo yetu yote, ila kwa kubadilishana: sambusa akayeyusha, katlesi akazikaanga na barafu yake. Sambusa zikapasuka, katlesi zikawa nyeusi nje na barafu ndani. Tangu siku hiyo tunabandika karatasi juu ya kila pakiti, na bado watu wanaitupa pamoja na mfuko.

Halafu kuna hotpoti. Jamani, hotpoti ni ya chapati na wali. Mtu anakaanga asubuhi ili jioni apumzike, anafungia sambusa zikiwa za moto, jioni anafunua anakuta zimelegea, simu inakuja kwetu. Kama lazima uwahi, zikaange mpaka ziwe na rangi hafifu, zitandaze kwenye chujio zipoe wazi, kisha uzihifadhi kwenye friji. Wageni wakishanawa mikono, zirudishe kwenye mafuta ya moto dakika mbili. Hivyo ndivyo tunavyofanya wenyewe kwenye shughuli kubwa, na hakuna mgeni aliyewahi kugundua.

Sasa bei, maana najua mnaisubiri. Ndiyo, pale kona sambusa ni nusu ya bei yetu. Ipasue uitazame ndani. Sisi tunanunua steki, tunaitoa mafuta na kuisaga wenyewe, kwa sababu nyama iliyokwisha kusagwa buchani hujui imechanganywa na nini. Tunaipika kwa tangawizi, kitunguu swaumu na ndimu mpaka maji yakauke kabisa, na nyama ikikauka inapungua sana; hilo pungufu nani analilipia? Inatandazwa kwenye sinia ipoe. Vitunguu vinakatwakatwa vidogo, vinakamuliwa kwa kitambaa, vinaingia mwisho kabisa pamoja na giligilani, moto ukiwa umeshazimwa. Manda tunasukuma kwa mkono, tabaka juu ya tabaka zikipakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, zinapita kwenye chuma cha chapati kwa muda mfupi tu, kisha zinabanduliwa zingali za moto. Anayedhani ni kazi rahisi aje abandue siku moja, tutaviangalia vidole vyake jioni.

Mteja wetu wa siku nyingi alituomba tuongeze viazi kwenye nyama ili tumpunguzie bei ya sherehe ya kipaimara. Tulikataa, akaenda kwingine. Akarudi Krismasi, hakusema kitu, akaagiza za nyama tupu. Ukitaka za viazi tunazo, zinauzwa kwa jina la viazi na kwa bei ya viazi.

La umeme nalo tusilaumiwe. Friza iliyojaa ikifungwa isifunguliwe hushika baridi kama siku mbili. Iliyojaa nusu, kama siku moja. Kinachoua ni kuchungulia kila saa. Umeme ukirudi ukakuta zimeyeyuka na kupata joto, zitupe. Kuzirudisha kwenye barafu hakuzifufui, na nyama iliyokaa kwenye joto haiponywi na mafuta ya kukaangia.

Oda za Iddi tunapokea mpaka Ramadhani 25, kwa kuwa mwezi ukiandama baada ya siku 29 hatuna usiku wa ziada wa kukunja. Za Krismasi tunafunga Desemba 20. Malipo nusu wakati wa kuagiza. Anayekuja kuchukua mwenyewe aje na ndoo yenye mfuniko na barafu ndani, hasa kama anaelekea Mbagala au Tegeta jioni, kwa sababu foleni ya mkesha inayeyusha sambusa kuliko meza yako.